Shela Juu ya Kichuguu

Mjomba wangu aliporudi kutoka vita vya Burma, mama yake mzazi hakumjua. Naanzia hapo, na wasomaji mlionizoea mtanivumilia, maana mnajua mimi nikitumwa Voi hupitia Mwatate kwanza. Mjomba aliondoka kijana mwembamba, kichwa wazi, miguu mitupu. Akarudi na masharubu, na kofia ya jeshi iliyokunjwa ukingo upande mmoja, na viatu vilivyolia njiani kama mkokoteni usiotiwa mafuta. Bibi alikuwa uani akichambua kunde. Akamkaribisha kwa heshima zote, akampa kigoda, akampa maji kwenye kibuyu, kisha akakaa mbali kidogo vile watu walivyokaa mbele ya mtu wa serikali, akamuuliza, "Baba, wewe umetoka kwa nani?" Mjomba alikuwa mchokozi. Akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akayapuliza yale maji kabla ya kunywa, maji baridi kabisa, kama mtu anayepuliza chai. Bibi akaruka, kunde zikamwagika zote. Tangu utotoni yule mtoto alikuwa akipuliza maji, wala hakuna aliyejua sababu. "Mwanangu!" akalia. "Na mimi nimekupa kigoda cha wageni!" Akamvua ile kofia kwa hasira akaitupa chini, na mjomba hakuivaa tena. Miaka mingi baadaye ilikuwa bado ipo, kuku walikuwa wakitagia humo.

Kwa muda mrefu niliona hicho ni kichekesho tu cha nyumbani kwetu. Lakini Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki kule Sagalla, kwenye mazishi, na kofia ya mjomba ikanirudia. Nilikuwa nikiangalia picha waliyoiweka mezani karibu na jeneza. Picha yenyewe ni ya zamani, imefifia kama chai ya mara ya pili. Anaonekana bibi harusi amesimama wima, shela limemwangukia mbele mpaka kifuani, na juu ya kichwa pameinuka kitu kama kilima kidogo kilichovishwa taji. Uso hauonekani hata kidogo. Mjukuu mmoja wa bibi harusi huyo, msichana wa chuo, akaja akainama sikioni kwangu. "Babu, hapa shosho alikuwa amevaa wigi?" Nikamwambia hapana, hizo zilikuwa nywele zake mwenyewe. Akacheka. "Enzi zenu kulikuwa na saluni?" Nikamwambia kulikuwa na shangazi, kulikuwa na kitana cha chuma, na kulikuwa na mkonge. Akaniangalia vile vijana wanavyotuangalia, akaenda kugawa soda.

Basi mwenye picha hiyo ndiye aliyetutoka. Amekufa mzee sana, kitandani mwake, binti zake wakiwa wamemshika mikono. Niseme kweli hata kama si desturi kusema hivyo: nilipoletewa habari sikulia, nilipumua. Mwanamke huyu aliishi na hofu moja ambayo watoto wake hawakuijua, na sasa imekwisha pamoja naye, alichokiogopa hakikuwahi kumfikia. Kila tulipokutana Voi sokoni, yeye na kikapu chake cha ndizi, mimi na magoti yangu haya, alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akashusha sauti: "Hajaja?" Na mimi nikamjibu, "Hajaja, mama." Akashukuru Mungu, akaendelea kupanga ndizi. Tukazeeka tukiulizana swali hilo hilo. Leo hakuna aliyebaki wa kuumizwa na jibu, kwa hiyo nawasimulia.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kuli wa reli pale Voi, nikipakia mkonge kwenye mabehewa. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili, na hata leo mhariri ndiye anayeninyooshea herufi zangu, Mungu ambariki. Marehemu alikuwa yaya kwenye nyumba moja ya wakubwa wa reli. Alikuwa msichana mfupi wa Sagalla, mcheshi, na kila siku kichwani amefunga kitambaa. Sisi tulidhani chini ya kitambaa pana kichwa kilichokatwa nywele kama cha wasichana wote wa misheni. Kumbe aliona picha kwenye magazeti ya mama wa nyumba ile, wanawake wamepandisha nywele juu, shingo zimebaki wazi, akazitamani. Akaanza kuziachia nywele zake kwa siri. Zikakua humo gizani kama magugu ya nyuma ya choo, mpaka siku rafiki yangu, mshika bendera wa stesheni, alipomposa. Ndipo akamfungulia shangazi yake kile kitambaa na kusema, "Shangazi, nataka kuolewa na hizi, zikiwa juu."

Shangazi, aliyemlea baada ya wazazi kufa, alikuwa na mdomo. "Juu wapi? Mbinguni?" Lakini alimpenda. Shida ilikuwa kwamba nywele zenyewe hazikutosha kusimama. Ukizipandisha zinalala kama mbuzi aliyechoka. Mimi ndiye niliyetumwa mkonge. Nyuzi zilizokatika zilizagaa kila mahali pale tulipopakia, zinasubiri kufagiwa tu, nikajaza mfuko. Shangazi akazichemsha na masizi, akazikausha, akazisokota zikawa kata nyeusi, kata ile ile ambayo wanawake huweka kichwani wakipandisha maji kutoka bondeni. Na Sagalla maji yalikuwa ya kupandishwa, yalikuwa machache wakati ule na ni machache hata leo, serikali ngapi zimepita. Tuyaache hayo. Ile kata ikawekwa utosini, nywele zikapashwa kitana cha moto, zikapakwa mafuta ya nyonyo, zikavutwa juu na kuizungushia ile kata, mkonge ukafunikwa wote. Walipomaliza kujaribu, mama mmoja wa kanisa alichungulia mlangoni, akashika kiuno. "Haki huyu msichana amejenga kichuguu!" Jina likashika. Mlima mzima wa Sagalla ukajua kwamba kuna bibi harusi wa kichuguu.

Sasa kulikuwa na jambo la shela. Kanisa letu lilikuwa na shela moja tu. Utaratibu ulikuwa kwamba bibi harusi wa mwisho hukaa nalo nyumbani kwake mpaka anayefuata aje kulichukua, na wa mwisho alikuwa ameolewa Bomeni, kule Taveta. Nikapanda treni ya mizigo na abiria, ile iliyokwenda taratibu hata unaweza kushuka ukajisaidia ukaipata mbele. Nilimkuta dada huyo na mtoto mchanga amelala kwenye kitanda cha kamba, na juu ya mtoto ametandaza shela la kanisa kuzuia mbu. Mbu wa Taveta si wa mchezo. "Ukilichukua, huyu atalala na nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Dada, hilo ni la Bwana." Akanijibu, "Na mtoto je, ni wa nani?" Nilimwachia shati langu jipya, afadhali kitu kuliko hakuna, nikarudi Voi na fulana, shela likinuka maziwa.

Shela likaletwa kwa shangazi, na hapo wote tukaona kosa letu. Lilikuwa limeshonwa kwenye taji dogo la waya na maua ya kitambaa, na taji hilo lilipimwa kwa vichwa vilivyonyolewa, kwa sababu tangu misheni ije hakuna aliyeolewa na nywele. Juu ya kichuguu lilikaa kama kofia ya mtoto juu ya mtungi. Bibi harusi akitikisika kidogo, linaanguka. Mama wa kanisa wakafurahi, wakasema Mungu mwenyewe amejibu, nyoa. Shangazi akachukua wembe. Tukajua amekubali. Hakuzigusa nywele; alifumua nyuzi zilizoshika shela na taji, tundu la taji likabaki wazi. Akamfunika binti shela lote peke yake, kichwa na uso na mabega. Kisha akachukua lile taji dogo akalitumbukiza juu ya kichuguu, likashuka mpaka shinani likakaza kama pete kidoleni. Mmoja wa mama wa kanisa aliomba sindano, akatia mishono miwili nyuma shela lisiteleze, na mtu asiseme mama wale walikuwa wabaya, walikuwa wakiogopa tu.

Mpaka hapo mnaona ni habari za urembo. Lakini siku mbili kabla ya harusi, dereva mmoja wa gari moshi alisimamisha injini pale Voi, akaniita kutoka juu na uso wake mweusi wa makaa. "Wewe rafiki wa mshika bendera! Kuna mtu wenu Mombasa, anafanya kazi bandarini. Amesikia. Anasema Jumamosi atasimama kanisani." Nilimjua huyo mtu, wote tulimjua. Marehemu alipokuwa mtoto wa kutambaa, baba wa mtu huyo alipeleka pombe ya miwa kwa baba wa msichana, wazee wawili wakanywa, wakasema watoto wao wataoana. Basi, kwa desturi, msichana akawa ameshikwa. Kijana akakua akijua ana mke wake mlimani. Akaenda Mombasa, akasema atarudi mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha, mengine yakaja, msichana akimngoja huku akipandisha maji. Hakutuma hata chumvi. Tukasikia ana mwanamke huko. Wazee wote wawili wakafa, msichana akabatizwa, akapewa jina jipya, akashuka Voi kutafuta kazi. Sasa yule wa Mombasa ameambiwa kitu chake kinachukuliwa, ndipo anakumbuka ni chake.

Na akisimama, harusi imekwisha. Kasisi alikuwa akipanda Sagalla mara chache kwa mwaka, akauliza kama kuna mwenye kizuizi, na mtu mmoja akitaja pombe ya wazee, kitabu kinafungwa, maneno yanapelekwa kwa wazee wa mlima. Wazee wa wakati ule walikuwa na msemo wao, kwamba iliyokwisha kunywewa haitapikwi. Zaidi ya hayo rafiki yangu alikuwa amekwisha kuhamishiwa stesheni ya mbali, aondoke wiki hiyo hiyo. Nilipanda mlima nikawaambia. Shangazi akasema, "Basi afadhali tumfunike asimwone." Binti, kichwa chake kimenyooka chini ya ule mzigo wa mkonge, akajibu maneno ambayo sijayasahau. "Shangazi, mimi sijifichi. Nimejipamba. Akitaka kusimama asimame, mimi nitakuwa nimesimama tayari."

Jumamosi yenyewe aliolewa yeye na wengine wawili, kwa sababu kasisi akipanda humaliza kazi zote, ubatizo, ndoa, na kugombana na mwinjilisti. Mabibi harusi watatu mbele. Wawili walikuwa na vitambaa vyeupe kwenye vichwa vilivyonyolewa, nyuso wazi, na wa tatu shela na kichuguu, mrefu kuliko hata bwana harusi wake. Mimi nilikaa benchi la pili kutoka mwisho, karibu na mlango, hapo nilipojua yule wa Mombasa atakaa. Akaja. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kofia ya Kizungu, vumbi jekundu mpaka magotini. Akakaa ubavuni mwangu, akavua kofia akaiweka pajani, akaanza kuangalia mbele. Nilisikia pumzi yake. Aliangalia bibi harusi wa kwanza, akatikisa kichwa. Wa pili, akatikisa kichwa. Wa tatu akamwangalia kutoka viatu mpaka taji, akanigeukia.

"Yule mrefu wa mjini ni nani?" akaninong'oneza.

"Ni bibi harusi," nikasema.

"Naona ni bibi harusi. Wa wapi?"

Kabla sijajibu, kikongwe mmoja nyuma yetu akamgonga bega kwa mkongojo. "Wewe wa suti, umekuja kuomba ama kuhesabu wanawake?" Watu wakacheka chini kwa chini. Kasisi akaanza kutaja majina, na majina yalikuwa ya ubatizo, yale ya kwenye Biblia, ambayo mtu aliyeondoka zamani hakuwahi kuyasikia. Kisha akauliza lile swali la kizuizi. Nje mbuzi alilia. Jamaa akainuka. Hakuinuka wote, aliinuka nusu, mkono umeshika benchi, macho yanatoka kwa huyu kwenda kwa yule, kama mtu aliyerudi zizini akakuta mifugo si ile aliyoiacha. Mdomo ulikuwa wazi. Na mbele kule nikaona kichuguu hakitikisiki, taji limetulia kabisa.

"Kaa chini, mwanangu," akasema kikongwe. "Unatuzibia."

Akakaa. Kasisi akafungua ukurasa mwingine. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibeba tangu Voi, hata mama wa mbele yangu akageuka kuona ni nani aliyekoroma.

Nimefikiri sana habari hii, na Jumamosi pale kwenye kiti cha plastiki niliifikiri tena. Siku hizi wajukuu zetu wanashuka Voi alfajiri wanakaa saluni, wanapandishwa nywele juu na shela linashikizwa nyuma kwa kitana kidogo, wanapigwa picha za simu, wala hakuna mama anayesema kichuguu. Vizuri, nafurahi. Lakini wasidhani kilikuwa kitu cha urembo mtupu. Sisi wanaume tuna ugonjwa wa kumwacha mtu mahali, tukaenda zetu na treni, tukaamini anakaa pale pale tulipomwacha, na kimo kile kile, na jina lile lile, kama jembe lililoegemezwa ukutani. Mjomba wangu alikaa miaka vitani, na mama yake alimtambua kwa namna alivyopuliza maji, kwa sababu mama alikuwa akimtazama tangu kuzaliwa. Yule wa Mombasa alikuwa na haki yake ya pombe, haki ya wazee wawili waliokunywa, lakini ilipofika saa ya kuonyesha ni yupi, hakuwa na cha kumtambulia. Hakuwa amewahi kutazama. Nadhani ukitaka kudai mtu, kwanza uweze kumjua shela likiwa limeshushwa.

Shangazi aliamini mpaka anakufa kwamba jamaa hakumtambua. Marehemu aliamini kinyume chake, na ndiyo maana aliogopa maisha yake yote kwamba siku moja atabadilisha nia, atarudi. Mimi sijui. Nitawaambia tu nilichokiona, maana nilikuwa mlangoni.

Walipotoka nje, vigelegele vikapigwa, na mpiga picha Mhindi aliyeletwa kutoka Voi akapiga ile picha iliyowekwa mezani Jumamosi, shela likiwa limeshushwa, kwa sababu alisema jua kali lingekunjisha uso. Baada ya hapo marehemu akalishika shela mwenyewe kwa mikono miwili, akalitupa nyuma ya kichuguu. Uso ukaonekana. Jamaa alikuwa amesimama hatua chache tu, kofia mkononi. Marehemu hakurudi nyuma wala hakuinamisha macho. Walitazamana kiasi cha mtu kumeza mate. Rafiki yangu mshika bendera alisogea mbele, na mimi nikasogea, nikiwa tayari kwa lolote, na fulana yangu.

"Hongera, mama," akasema jamaa.

"Asante, baba," akasema marehemu.

Kisha jamaa akanigeukia mimi, akaniuliza njia ya kushuka Voi ni ipi. Mtu aliyezaliwa mlima huo, aliyechunga mbuzi kwenye njia hiyo hiyo. Nikamwonyesha kwa kidole, kama ninavyomwonyesha mgeni. Akashukuru, akaivaa kofia yake, akaanza kushuka kati ya mawe, polepole, hakuangalia nyuma, suti ya kijivu ikawa ndogo, kofia ikabaki peke yake juu ya vichaka, halafu nayo ikaisha.